Thamostati ya waifai: kabla hujapokea hela, muulize mteja anapasha nini

Leo tuongelee kile kidude cha ukutani chenye kioo kinachowaka namba, kile kinachoitwa thamostati janja. Naona wengi mmeanza kukiagiza, na kwa kweli picha zake zinapendeza kwenye status. Kinauzika. Ila ni bidhaa ambayo ukikosea kuiuza huishii kuharibu jina lako tu, unaweza kuunguza kitu ndani ya nyumba ya mtu.

Naongea kwa sababu yamenikuta. Niliagiza vipande kumi kutoka duka moja la mtandaoni la China. Mzigo ukafika, nikapiga picha, nikaposti. Kaka mmoja wa Arusha akaja inbox: "Dada, hii inaweza kuzima hita yangu ya kuogea nikiwa kazini? LUKU inaniua." Mimi bila kufikiria nikamjibu, "Ndiyo kaka, ni ya waifai hiyo, utaizima hata ukiwa Dodoma." Nikatuma na basi, hela ikaingia, nikafurahi.

Wiki ya pili ujumbe ukaja: "Dada, kidude chako kinanuka." Akaniwekea na picha. Plastiki ya nyuma, pale waya zinapoingia, ilikuwa imeyeyuka na kugeuka rangi ya kahawia. Na kumbe hata kabla hakijayeyuka hakikuwa kinazima. Alikuwa anakibonyeza kwenye simu, kinaonyesha kimezimwa, na hita inaendelea kupasha. Nikamrudishia 85,000 yake, nikamlipa na fundi aliyekuja kutoa waya zilizoungua. Sikubishana naye, maana kosa lilikuwa langu. Nilijibu swali ambalo mimi mwenyewe sikulielewa.

Baada ya hapo nilikaa na fundi umeme wangu, tukafungua kimoja kati ya vile tisa vilivyobaki, akanielekeza. Hayo ndiyo nataka kuwapa leo.

Anza na kwao. Kwenye nchi za baridi kama Uingereza, nyumba nyingi zina boila. Ni chombo kinachopasha maji, mara nyingi kwa gesi, halafu pampu inayasukuma yale maji yapite kwenye mabomba mpaka kwenye rediata, yale mapanga ya chuma yaliyofungwa ukutani kila chumba. Kuna nyumba nyingine mabomba yanapita chini ya sakafu. Boila yenyewe huwa jikoni au kwenye kabati, lakini thamostati hufungwa sebuleni au koridoni. Inapima HEWA ya pale ilipo. Ukiiwekea 20, hewa ikishuka chini ya hapo inaiambia boila "washa", ikifika inaiambia "tosha". Kazi yake yote ni hiyo, kama mtu aliyekaa karibu na swichi anawasha na kuzima kwa niaba yako. Ile janja inaongezea tu simu na ratiba.

Sasa mlete huyo mtu bafuni kwetu. Hita yetu ya tanki tayari ina thamostati yake ndani, fimbo nyembamba iliyozama upande wa maji, na hiyo ndiyo inayojua maji yamefika joto gani. Kile kidude cha ukutani hakina habari na maji. Ukikifunga Arusha asubuhi ya mwezi wa saba, hewa iko nyuzi 15, umekiwekea 25, basi kitaruhusu umeme muda wote, na hita inafanya kazi vilevile kama zamani. Ukikifunga Dar mchana, hewa nyuzi 31, kitakata umeme na maji hayatapata moto kabisa. Yaani mteja wangu hata kama kidude kisingeyeyuka, bado nilikuwa nimemuuzia kitu ambacho hakihusiani na shida yake.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mteja ni moja tu: unapasha nini? Maji ya kuoga, au hewa ya chumba? Akisema maji ya kuoga, thamostati ya ukutani siyo bidhaa yake. Mwambie hapohapo. Nitarudi kwenye cha kumuuzia.

Tuje kwenye kuyeyuka. Hapa ndipo pana mtego kwa sisi tunaoagiza. Kidude hichohicho, sura ileile, kioo kilekile, kinatengenezwa kwa aina tatu tofauti kwa ndani. Chukua ule mfululizo maarufu wa BHT-002, ambao umeuzwa kwa majina ya kila aina. Ukigeuza nyuma usome namba yote, utakuta mwisho wake unabadilika: kuna GA, kuna GB, kuna GC. GB ni ya kupasha kwa umeme moja kwa moja, kwa mfano waya za joto zilizolazwa chini ya sakafu, na inabeba mpaka ampea 16. GA ni ya kufungua na kufunga valvu ya maji ya moto kwenye mabomba, inabeba ampea 3. GC ni ya boila, nayo ampea 3.

Zangu zilikuwa GC. Hita ya yule kaka ilikuwa ya wati 3000. Gawa kwa volti 230 unapata ampea 13. Nilimfungia mtu ampea 13 kwenye kidude cha ampea 3, zaidi ya mara nne ya uwezo wake! Vile vibati viwili vya ndani vinavyogusana na kuachana vilichemka vikashikana, ndiyo maana alikuwa anazima kwenye simu na umeme unaendelea kupita. Bahati yake alikuwa nyumbani akasikia harufu.

Hiyo GC ina jambo lingine ambalo hata mafundi wengine hawalijui, na kama unauza kwa mtu mwenye boila kweli lazima ulijue. Kwenye tundu zake za kutolea hakutoki umeme. Mafundi huita mguso mkavu. Ni kama swichi ya kengele ya mlangoni: kazi yake ni kukutanisha waya mbili, basi. Boila yenyewe ndiyo inayotoa umeme mdogo kwenye waya hizo mbili na kusubiri zikutane. Zikikutana, inawaka. Kidude chenyewe kinapata umeme wake wa 230 pembeni, kwenye L na N, ili kioo na waifai vifanye kazi.

Sasa fikiria mteja ana boila ya aina hiyo halafu umemtumia GB kwa sababu "zinafanana". GB inatoa volti 230 kamili kwenye tundu zake. Fundi akiziunganisha na zile waya za umeme mdogo za boila, inakufa ile sakiti ya kompyuta ya boila, na bei yake haifanani hata kidogo na bei ya thamostati. Hapo siyo kurudisha 85,000 tena.

Kinyume chake pia kipo. Kuna boila zinazotaka kurudishiwa volti 230 zenyewe ndiyo ziwake. Kwa hizo, fundi anaweka kiwaya kifupi kutoka L kwenda tundu lenye alama COM, halafu waya wa kwenda boila unatoka kwenye tundu lenye alama NO. NO hapo maana yake ni mguso ulio wazi wakati wa kuzima, siyo "hapana", maana nimeshaulizwa. Kile kiwaya kifupi ndicho kinachotofautisha aina mbili za boila. Kikiwekwa pasipotakiwa kinaua boila, kisipowekwa panapotakiwa boila haiwaki, na mteja anakuandikia kwamba umemuuzia kibovu. Kitabu cha boila ndicho kinachosema ni ipi, siyo kitabu cha thamostati. Mwambie fundi wake akisome hicho kwanza.

Na kuna kiwaya kingine kifupi, cha kiwandani, ndani ya boila. Boila nyingi hutoka kiwandani zile tundu mbili za thamostati zikiwa zimeunganishwa, ili iweze kuwaka hata kabla ya kufungiwa thamostati. Fundi asipokitoa, boila itawaka usiku na mchana na kidude chako kitaonekana pambo. Nimeona malalamiko mengi ya namna hii mtandaoni, ya watu wanaorudisha kitu kizima.

Sababu nyingine kubwa ya mzigo kurudi ni nyutro. Mteja anabadilisha thamostati ya zamani, ile ya kuzungusha kwa mkono. Anafungua ukuta anakuta waya mbili tu: moja inaleta umeme, nyingine inaurudisha kwenye boila. Ile ya zamani haikuhitaji zaidi, ni swichi tu. Lakini ya waifai ina kioo na redio ndani, inakula umeme muda wote, kwa hiyo inataka na nyutro. Na rangi zisikudanganye. Utakuta waya wa bluu pale, mteja anakuambia "nyutro ipo, ya bluu," kumbe huo wa bluu ndio waya wa kurudisha umeme kwenye boila, fundi wa zamani alitumia waya aliokuwa nao. Uingereza kwenyewe nyumba za zamani zina nyekundu na nyeusi, kwa sababu kahawia na bluu zilianza kuruhusiwa 2004 na kulazimishwa 2006. Huku kwetu unakuta rangi zote hizo ndani ya nyumba moja. Wa kusema nyutro ni ipi ni tesita ya fundi, siyo macho. Kama nyutro haipo, mteja atafute thamostati ya betri inayokuja na kiboksi cha pili kinachofungwa karibu na boila, au akubali kuvuta waya mpya.

Kidogo kuhusu used, maana najua kuna wenzetu wanaletewa na ndugu kutoka Marekani na Uingereza kwenye mabegi.

Ya Marekani usiiguse kwa ajili ya umeme wa ukutani. Thamostati nyingi za kule zinatumia volti 24 kutoka kwenye transfoma ya mtambo wenyewe. Utazijua kwa herufi za nyuma: R, W, Y, G, C. Ukiona herufi hizo, jua ukiipa 230 inakufa hapohapo, na inaweza kuondoka na vidole vya mtu. Na usiseme "nitatafuta transfoma", kwa sababu hata ukiipa hizo 24, bado haikutengenezwa kubeba umeme wa 230 kwenye vibati vyake.

Ya Uingereza, kama zile za Nest, huwa vipande viwili: cha ukutani, na kiboksi kinachofungwa karibu na boila. Kiboksi kikibaki Uingereza, ulichonacho ni saa ya ukutani ya gharama. Pia angalia umri wake. Nest za kizazi cha kwanza na cha pili, ikiwemo ile iliyouzwa Ulaya kuanzia 2014, Google waliziondoa kwenye programu ya simu tangu 25 Oktoba 2025. Zinaendelea kuzungushwa kwa mkono, ila simu haizioni tena. Kuziuza siyo kosa, lakini ukiandika "ya kuendesha kwa simu" umedanganya. Na yoyote used, mwenye nayo wa kwanza lazima aiondoe kwenye akaunti yake kabla haijasafiri. Nawaambia hili mapema, maana kumtafuta mtu aliyehama Manchester ili abonyeze "ondoa" ni kazi.

Mlio Uingereza na mnauza hukohuko, nyie mnajua: kazi ya gesi inafanywa na aliyesajiliwa Gas Safe. Msiahidi wateja kwamba binamu yenu atakuja kufunga.

Haya, yule wa hita ya kuogea. Shida yake ni ya kweli, LUKU inaisha kwa sababu hita inawashwa asubuhi na kusahaulika. Kinachomfaa ni swichi ya waifai ya hita yenye ratiba, siyo thamostati. Inakaa pale ilipo swichi ya hita ya sasa, kabla umeme haujafika kwenye tanki. Mwombe picha ya lebo ya hita, usikubali "ni ya kawaida tu dada". Soma wati, gawa kwa 230. Ya wati 1500 inakula ampea 6 na nusu. Ya 3000 ni 13. Ile ya kuoga papo hapo ya wati 5500 ni karibu 24, na hiyo mimi siiuzii swichi kabisa, kwa sababu swichi nyingi tunazoagiza zinaishia 16 au 20.

Usijaze swichi mpaka mwisho. Hita inavuta umeme mfululizo nusu saa, saa nzima, siyo kama taa. Fundi wangu anaacha nafasi ya moja ya tano: swichi ya 16 anaihesabu kama 13, ya 20 anaihesabu kama 16. Kwa hiyo kwa hita ya 3000 mimi natuma ya 20 tu. Ile ndogo ya 10 inayofichwa nyuma ya swichi ya taa, ambayo ni bei poa na kila mtu anaiuza, ni ya taa na feni. Kama ipo ya kukata waya zote mbili, laivu na nyutro, chukua hiyo, kwa sababu mtu ameloa maji anaposimama chini ya kile chombo.

Na hili liandike kwa herufi kubwa kwenye ujumbe wako: swichi HAICHUKUI nafasi ya thamostati iliyo ndani ya tanki. Kuna mafundi wa haraka wanaitoa ile ya ndani, wanaunganisha waya moja kwa moja, "si una ya simu?" Hapo hakuna tena kinachojua maji yamechemka. Tanki lililofungwa, maji yanachemka, mvuke hauna pa kutokea kama valvu ya usalama imeziba kwa chumvi. Tanki linapasuka. Ile ya ndani ibaki, imewekwa karibu na nyuzi 60, na valvu iwe inafanya kazi. Fundi awe na leseni ya ufungaji umeme ya EWURA. Kwa Kenya ni EPRA. Mteja akikuambia mdogo wake "anajua umeme", andika kabisa kwenye risiti kwamba umeshauri fundi mwenye leseni.

Siku hizi mtu akiuliza bei ya kidude chochote cha namna hii, kabla ya bei namtumia huu ujumbe, mnaweza kuunakili:

"Karibu sana. Ili nisikuuzie kisichokufaa naomba picha tatu: lebo ya hita au boila yako ionekane wati na volti, swichi au thamostati ya sasa ikiwa imefunguliwa na fundi huku umeme umezimwa kwenye breka, na breka yenyewe ionekane namba. Pia niambie unapasha maji ya kuoga au chumba, na kama waifai yako ni ya 2.4, kwa sababu vifaa hivi havishiki ile ya 5."

Wengine wanakasirika, wanaenda kwa muuzaji asiyeuliza. Waende. Lakini wanaotuma picha karibu wote wananunua, na tangu nianze hivyo sijarudishiwa kilichoungua. Kwenye posti nayo nimeacha kuandika "inafaa hita zote". Naweka picha ya mbele, picha ya NYUMA yenye namba kamili na ampea, na mstari mmoja: "Hii ni ya boila yenye mguso mkavu, ampea 3. Siyo ya hita ya kuogea."

Zile tisa zilizobaki, moja tuliifungua na haikurudi vizuri. Nne alichukua fundi mmoja anayehudumia loji yenye boila na rediata upande wa Karatu, alituma picha zote tatu bila kulalamika. Nimebaki na nne. Ukiwa na mteja mwenye boila, mwombe picha kwanza, halafu nicheki inbox.